Nina wa kwenye gemu wanampenda, mimi nikishika padi wananitukana

Mwezi uliopita tulikuwa Kinondoni kwenye mashindano madogo ya Tekken 8, ile gemu ya kupigana, umeme umekatika, tunasubiri. Kaka mmoja ninayemheshimu akanigeukia akaniuliza: "Dada, hivi nyie mnalalamikia nini tena? Siku hizi kila gemu ina mwanamke, na wengine ndio wakali kuliko wote." Aliuliza kwa nia njema. Umeme ukarudi kabla sijafika mbali, akaitwa kwenye mechi yake, kwa hiyo jibu kamili naliandika hapa.

Nianze kwa kumpa haki yake: wanawake wa kwenye skrini wamebadilika sana tangu tulipoanza kucheza. Ninacholalamikia ni kwamba mwanamke wa kuchorwa amepiga hatua ndefu, wakati mwanamke anayepumua, aliyeshika padi, ameachwa karibu palepale alipokuwa. Watu huyachanganya mambo hayo mawili. Wanadhani la kwanza likitengemaa, la pili nalo litajitengeneza lenyewe.

La kwanza lina historia yake. Mwaka 1981 Nintendo walitoa Donkey Kong: sokwe kamteka mwanamke, seremala anapanda juu kumfuata. Mwanamke yule mwanzoni aliitwa "Lady" tu, jina la Pauline lilikuja baadaye. Kazi yake ilikuwa kupunga mikono na kuomba msaada. Miaka minne mbele ikaja Super Mario Bros., ambayo wengi wetu tuliicheza kwenye zile mashine za kuigiza zenye kaseti za njano, zinachomekwa kwenye TV ya sebuleni mpaka baba arudi aangalie taarifa ya habari. Unamaliza ngome ya kwanza, unaambiwa binti mfalme yuko ngome nyingine. Unaambiwa hivyo ngome saba. Ya nane ndiyo unamkuta Peach amesimama, anakushukuru, basi. Nakumbuka nilimuuliza kaka yangu: sasa huyu tunamchezaje? Akanijibu, huyu hachezwi, huyu anaokolewa.

Hiyo ilikuwa sheria kwa muda mrefu, na hata walipotoa mwanamke wa kuchezwa walikuwa na namna ya kumrudisha kwenye meza ya zawadi. Metroid ya 1986 unamcheza mpiganaji aliyevaa deraya mwili mzima, anaitwa Samus Aran. Kile kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilimtaja kama mwanaume. Mwisho wa gemu unagundua ni mwanamke, na mimi nikisimuliwa hivyo mara ya kwanza nilifurahi sana. Halafu nikaambiwa sehemu iliyobaki: kadiri unavyomaliza haraka, ndivyo unavyomwona na nguo chache. Chini ya saa moja, anasimama mbele yako na bikini. Ameua majitu sayari nzima, na malipo ya kazi yake ni wewe kumwona mwili. Lara Croft wa Tomb Raider naye, aliyetengenezwa Derby, Uingereza, mwaka 1996, alikuwa anaruka makaburi ya kale na kupambana na wanyama peke yake, lakini matangazo yaliuza kifua chake. Ilipofika toleo la 2013, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa mwanamke, Rhianna Pratchett, alipewa mwili wa mtu anayepanda miamba kweli. Anachubuka, anachafuka, anaogopa, anaendelea.

Sasa niwapeleke Ngamiani.

Kibanda kilikuwa kwenye moja ya zile barabara za namba, Tanga, kwenye miaka ya mwanzo ya elfu mbili. TV mbili, PlayStation mbili, mabenchi ya mbao, na feni ambayo mwenye kibanda aliielekeza kwenye mashine ili zisiungue, sisi tukabaki na jasho letu. Mama alikuwa na genge sokoni na hakutaka nibaki nyumbani peke yangu, kwa hiyo kaka yangu alipokwenda gemu nami nilikwenda. Mchezo mmoja shilingi hamsini. Mshindi anabaki, anayefungwa anampisha mwenzake.

Ilikuwa Tekken 3. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda kama kile anajua mpangilio wa watu ulivyokuwa. Asiyejua kitu anachukua Eddy, anaponda vitufe vya mateke mpaka padi inalia. Wa katikati wanachukua Jin au Hwoarang. Halafu wapo wachache waliomjua Nina Williams. Nina ni muuaji wa kukodiwa kutoka Ireland, na silaha yake ni kushika: akikukamata mkono anauvunja, halafu ukizubaa anaunganisha na mshiko mwingine, na mwingine, mpaka damu yote ya juu ya skrini imekwisha. Kila mshiko una vitufe vyake kwa mpangilio, na vijana walivinakili kwenye karatasi za madaftari na kuzificha mfukoni kama hirizi. Ukimjua Nina wewe ni mtu mkubwa pale. Hata mara moja sikuwahi kusikia mtu akisema Nina hawezi kupigana kwa sababu ni mwanamke. Walimwogopa. Walijivunia kumchagua.

Mimi nilimchukua Xiaoyu, msichana wa shule kutoka China ambaye ameingia kwenye mashindano yale ili ajengewe bustani ya michezo. Nilimpenda kwa sababu anaweza kukupa mgongo makusudi na bado akakupiga kutoka hapohapo. Nilijifunza kwa kuangalia, nyuma ya bega la kaka, maana shilingi hamsini hazikuwepo kila siku.

Nikishika padi hewa ya mle ndani ilibadilika. "Demu anacheza? Mwachieni Eddy." Nikifungwa, wanacheka, na hilo sikulichukia, kila aliyefungwa alichekwa. Nikishinda ndipo palikuwa na kazi. Ningeambiwa nimebahatisha, au nimeachiwa, au padi yake ina kitufe kibovu, tubadilishane. Wengine walitamka maneno kuhusu mwili wangu ambayo siwezi kuyaweka hapa, na nilikuwa mtoto wa darasa la sita. Kubwa kuliko hayo, na hili nimelielewa ukubwani, ni kwamba waliojua kweli walikataa kukaa nami. Kufungwa na mtoto wa kike kulikuwa habari ya mtaa mzima wiki nzima, kwa hiyo mjuzi akiona zamu yake inaangukia kwangu anamsukuma mdogo wake akae badala yake.

Naomba hapa msomaji mwanaume atulie kidogo, kwa sababu watu huniambia "lakini nyie wenyewe hamjui kucheza". Gemu ya kupigana haifundishwi na kitabu. Unajifunza kwa kupigwa na anayekuzidi, mara nyingi, karibu karibu, mpaka kidole kinajua kabla ya kichwa. Sheria ya mshindi anabaki ilikuwa chuo chetu: mvulana dhaifu analipa hamsini yake, anakaa na bingwa, anapigwa, anaondoka na kitu kimoja kipya. Msichana akilipa hamsini ileile, bingwa anainuka. Ukifanya hivyo miaka mitano, bila shaka mvulana atakuwa mbele. Halafu unamtazama msichana unasema hana kipaji.

Alikuwepo mmoja ambaye hakuinuka. Alikuwa kijana mkimya, fundi wa baiskeli, na ndiye aliyemjua Nina kuliko wote. Alinipiga bila huruma, raundi baada ya raundi, halafu akanionyesha kitu ambacho hakuna aliyenionyesha: kwamba mishiko ya Nina inavunjika, ukibonyeza kitufe sahihi wakati sahihi mkono unachomoka. Sikuwahi kusikia tusi kinywani mwake. Waliokuwa na matusi walikuwa wale wa chini, wanaofungwa na kila mtu.

Miaka mingi baadaye nilikutana na utafiti uliosema jambo hilohilo kwa hesabu. Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose waliingia kwenye mechi za Halo 3 mtandaoni wakitumia sauti zilizorekodiwa, mara sauti ya mwanaume, mara ya mwanamke, mara kimya, maneno yaleyale. Sauti ya mwanamke ilipata maneno mabaya mara tatu ya ile ya mwanaume. Mwaka 2015 Michael Kasumovic na Kuznekoff wakachambua mechi hizo upya, wakaangalia nani hasa anatukana. Wakaona ni wanaume waliokuwa wanacheza vibaya. Waliocheza vizuri walikuwa wapole zaidi kwa sauti ya kike. Nilivyosoma hilo nilimkumbuka fundi baiskeli wangu.

PlayStation 2 ilipofika, kibanda kiligeuka kuwa cha GTA San Andreas. Watu wa rika langu wanaipenda gemu hiyo kama wanavyoipenda timu yao, na mimi niliipenda pia: baiskeli, redio, kile kijiji cha jangwani. Lakini watazameni wanawake wake. Hadithi inaanza na mama aliyeuawa, ndiyo maana mwanawe CJ, ambaye ndiye unayemcheza, anarudi nyumbani. Mpenzi wa kwanza, Denise, anapatikana kwa kuokolewa kwenye nyumba ambayo CJ mwenyewe kaichoma moto. Na barabarani kuna machangudoa: unamchukua kwenye gari, afya yako inapanda, akishuka unaweza kumuua na hela yako ukairudisha. Hakuna anayekulazimisha. Gemu imeacha mlango wazi tu, na kila mtoto wa kibanda kile aliufahamu mlango huo, wengine hawajabalehe. Walikuwa wanafanya hivyo huku mimi nimekaa benchi moja nao, wanacheka, kisha mmoja ananigeukia kuona nimeichukuliaje. Ule mtazamo ndio ulionifukuza pale kuliko tusi lolote. GTA V ya 2013 ikaja na wahusika watatu wa kuchezwa, wote wanaume. Toleo la sita limetangazwa likiwa na mwanamke wa kuchezwa, Lucia, na ninamsubiri kwa hamu ya kweli.

Kwa upande wa mpira mambo yalikwenda polepole zaidi. FIFA 16, ya mwaka 2015, ndiyo ya kwanza kuweka timu za wanawake: timu 12 za taifa. Hakuna hata moja ya Afrika. Mwaka uleule Nigeria, Cameroon na Ivory Coast zilikuwa Kanada kwenye Kombe la Dunia la wanawake, na Cameroon ikafika 16 bora. Msichana wa Kiafrika aliyefungua gemu ile alipewa Mexico, Sweden, China, achague. Ilipofika EA Sports FC 24, mwaka 2023, wanawake wakaingia kwenye Ultimate Team, unaweza kuwapanga kikosi kimoja na wanaume, na Alexia Putellas akapewa alama 91, sawa na Mbappé na Haaland. Malalamiko niliyoyasikia vibandani mwaka huo! Mtu anayekubali kupanga mchezaji aliyestaafu zamani zile kando ya kijana wa juzi, anakuambia Putellas ndiye anayeharibu uhalisia. Vijana hawahawa walikuwa wameishangilia Simba Queens ilipofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022. Mwanamke akicheza mpira kwake mwenyewe, sawa. Akiingia kikosi kimoja na wao, hapana.

Mtandaoni ndiko ninakocheza zaidi sasa. Jioni nikitoka kazini huwa PUBG Mobile, kikosi cha watu wanne, wengi hatujuani. Gemu hii inachezwa kwa mdomo. Unaona adui nyuma ya jiwe, unasoma namba ya dira juu ya skrini, unasema "mmoja, 240, nyuma ya jiwe", wenzako watatu wanageuka pamoja. Asiyeongea ni mzigo. Sasa mwanamke ana njia mbili. Afungue maiki, na kabla hamjatua chini ya parachuti ameshaambiwa atume namba ya simu, au arudi jikoni, au kwamba ni mwanaume anabana sauti. Kuna usiku wenzangu waliacha kupigana na maadui wakaanza kunizuia mimi nisiokote silaha. Au afunge maiki, aonekane hajui kushirikiana. Karibu kila mwanamke ninayemfahamu anacheza amefunga, na majina yao ya kwenye gemu ni ya kiume au hayana jinsia. Kwa hiyo ukiniambia "mbona sisi hatukutani na wanawake huko", kaka yangu, unakutana nao kila usiku.

Wakubwa zaidi yetu wamepitia hayohayo. Mwaka 2016 huko Korea Kusini msichana anayejiita Geguri alicheza Overwatch, gemu ya risasi, kwa usahihi ambao wanaume waliocheza dhidi yake hawakuukubali, wakasema anatumia programu ya wizi. Ilibidi akae mbele ya kamera, mkono wake ukionekana, acheze tena. Alicheza vilevile. Mwaka 2018 Shanghai Dragons wakamsajili, akawa mwanamke wa kwanza kwenye ligi kuu ya Overwatch. Nauliza: mvulana mwenye kipaji kile angeambiwa nini? Angeambiwa ana kipaji.

Hata mwanamke wa kuchorwa, akitoka nje ya umbo linalopendeza, tusi linamvuka linamwangukia mwanamke halisi aliye nyuma yake. The Last of Us Part II ilipotoka 2020 ilikuwa na Abby, mwanamke mwenye mabega na mikono ya mtu anayebeba vyuma, na anafanya jambo ambalo wachezaji wengi hawakumsamehe. Laura Bailey, aliyetoa sauti yake, alitumiwa vitisho vya kuuawa. Miaka sita kabla, Anita Sarkeesian, aliyekuwa akitengeneza video za kuchambua namna wanawake wanavyochorwa kwenye gemu, alifuta mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah (Utah State University), Marekani, baada ya mtu kutishia kufanya mauaji mle ndani. Mhadhara tu.

Na kule zinakotengenezwa? Riot Games walikubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya ubaguzi wa kijinsia iliyofunguliwa na wanawake waliofanya kazi pale. Julai 2025 mahakama ya Bobigny, Ufaransa, iliwatia hatiani waliokuwa viongozi watatu wa Ubisoft kwa unyanyasaji kazini. Nikisoma habari kama hizo siulizi tena kwa nini Peach alisubiri ngome saba. Ingawa wanawake walikuwepo tangu mwanzo: Carol Shaw aliiandika River Raid mwaka 1982, peke yake, na iliuzwa nakala zaidi ya milioni moja.

Karibu na nyumbani ninaye mtu ninayemtazama. Sylvia Gathoni wa Kenya, wanayemwita QueenArrow, ni mchezaji wa Tekken. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani, baadaye Red Bull wakamchukua, na muda wote huo alikuwa anasoma sheria. Nilivyomwona mara ya kwanza akicheza nilisimamisha video na kuirudisha nyuma mara kadhaa, nikitazama vidole.

Tunachotaka, basi, hakihitaji kampuni ya Japani wala mahakama ya Ufaransa. Mpwa wangu ana miaka kumi na mbili, anacheza kwenye kibanda kimoja Mbagala. Mwenye kibanda, mzee wa makamo ambaye hajawahi kushika padi maishani mwake, ana mabinti zake, na aliamua mambo mawili. Zamu ni zamu: aliyefuata kwenye foleni anakaa na mshindi, awe nani, na mshindi akiinuka kumkwepa amefungwa. Na ukimtukana mwenzako unatoka, hela uliyolipa imekwenda. Mwanzoni vijana walinuna, wawili watatu wakahamia kibanda cha jirani. Walirudi, kwa sababu huku kuna mashine mpya. Jumamosi iliyopita nilipompitia mpwa wangu nilikuta wasichana wanne kwenye benchi, na mmoja wao, ambaye simjui hata jina, alikuwa anampiga mvulana mkubwa kwa Nina. Mvulana alipofungwa aliangalia mlango, akamwangalia mzee, akatoa hela nyingine akalipa. "Tena, dada," akasema, "nionyeshe ule mshiko wa mwisho unavunjikaje."